Kabla Hujamimina Dawa ya Injini Kwenye Oili

Gari limeanza kula oili. Au asubuhi injini inagonga kidogo kabla ya kutulia, au ukikanyaga mafuta moshi wa bluu unajaa kwenye kioo cha nyuma. Muuza vipuri anakutolea kichupa: mimina hii, moshi utakata. Na mara nyingi moshi unakata kweli, kwa muda. Asilokwambia ni kwamba ringi ya pistoni iliyolika bado imelika, na oili iliyomo ndani sasa si ile iliyopimwa kwa ajili ya injini hiyo.

Sisemi kila chupa ni sumu. Nyingi hazifanyi lolote, jema wala baya, zaidi ya kukupunguzia pesa. Chache zina kazi yake halali. Lakini zipo zinazoharibu injini, na maneno makubwa ya mbele ya chupa hayakusaidii kujua ipi ni ipi. Fuata hatua hizi kabla hujafungua kifuniko.

Hatua ya 1: Jua oili yako imeshatiwa nini

Oili ya injini si mafuta matupu. Sehemu kubwa, kwa kawaida kati ya asilimia 70 na 90, ni mafuta ya msingi. Iliyobaki ni kemikali zilizotiwa kiwandani. Zimo sabuni za kalsiamu au magnesiamu zinazosafisha na kuzima asidi. Zimo zinazoshika masizi yaendelee kuelea badala ya kugandamana kuwa tope. Imo ZDDP, mchanganyiko wenye zinki na fosforasi, ambayo hujenga utando mwembamba kwenye kemshafti (shafti inayofungua valvu) na tapeti zake, pale chuma kinapokandamiza chuma. Zimo za kuzuia kutu, za kuzuia oili isioze kwa joto, za kuifanya isiwe nyepesi mno ikichemka, na silikoni ya kuzuia povu, ambayo hutiwa kwa sehemu chache tu katika milioni.

Kemikali kadhaa kati ya hizo zinagombania mahali pamoja, yaani uso wa chuma. Ukizidisha moja, nyingine inakosa nafasi. Silikoni ikizidi inaweza kuifanya oili ishindwe kuachia hewa, na injini ikawa inasukuma mapovu mahali palipohitaji oili. Ndiyo maana watengenezaji huujaribu mchanganyiko mzima kwenye injini zinazofanya kazi kabla ya kuupa daraja la ubora la API (la Marekani) au ACEA (la Ulaya). Alama hiyo kwenye galoni inahusu oili iliyomo humo. Haihusu oili hiyo pamoja na ulichoongeza. Mimina mililita 400 kwenye lita nne, na umebadilisha karibu sehemu moja ya kumi ya kitu ambacho hakuna aliyekijaribu tena baada yako.

Hatua ya 2: Tafuta ugonjwa wenyewe

Hapa ndipo pesa nyingi huokolewa, na ndipo watu wengi huruka.

Anza na kiasi. Egesha gari mahali pa tambarare, zima injini, subiri dakika kumi oili ishuke kwenye sampu, yaani bakuli la chini ya injini, kisha chomoa kijiti, kifute, kirudishe, kichomoe tena na usome. Andika usomaji huo na kilomita zilizopo kwenye dashibodi. Rudia kila baada ya kilomita mia chache, palepale na kwa namna ileile. Wapo wenye magari wanaolalamika kwamba injini inakula oili kumbe kila mara wanapima kwenye mteremko. Baadhi ya watengenezaji huhesabu hata lita moja kwa kilomita 1,000 kuwa bado ni kawaida. Binafsi naona huo ni ukarimu uliopitiliza, lakini unaonyesha kwamba injini inayomaliza robo lita kwa umbali huo haijafika pa kukuogopesha.

Kisha tazama moshi unatoka lini. Moshi wa bluu unaotoka kwa mkupuo unapowasha asubuhi, au unapokanyaga mafuta baada ya kushuka mlima mrefu bila kukanyaga, kwa kawaida unaelekeza kwenye sili za valvu. Moshi unaotoka wakati injini inavuta mzigo unaelekeza kwenye ringi za pistoni. Moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikipata moto unakutuma kwenye gasketi ya silinda hedi na maji ya rejeta, na mweusi unakutuma kwenye mafuta yanayoungua vibaya. Hakuna chupa ya oili itakayogusa hayo mawili ya mwisho, ingawa zinauzwa kwa wenye shida hizo kila siku.

Kabla hujaanza kuwaza ringi, kagua valvu ya PCV na mpira wake. Hiki ni kifaa kidogo kinachotoa hewa ndani ya injini na kuirudisha ikaungue. Kikiziba, shinikizo linajaa kwenye sampu na kuisukuma oili itoke popote penye udhaifu: kwenye sili ya kranki, kwenye gasketi ya kifuniko cha valvu, hata kupitia ringi. Baadhi ya zile zinazoitwa injini zilizochoka ni PCV iliyoziba kwa tope, na kuibadilisha ni kazi ndogo.

PCV ikiwa nzima, mwombe fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Silinda ikisoma chini, atie oili kidogo sana kupitia tundu la plagi na kupima tena. Usomaji ukipanda, ringi au ukuta wa silinda umelika, kwa sababu oili imeziba pengo kwa muda. Usipopanda, tafuta kwenye valvu au gasketi. Kipimo hiki hakihitaji kufungua injini.

Kama tatizo ni mlio wa kugonga au taa ya oili inayowaka, usimimine chochote. Funga geji ya shinikizo mahali palipo na sensa, pasha injini moto, kisha linganisha usomaji na ule wa kitabu cha gari. Shinikizo likiwa chini, sababu inaweza kuwa pampu, kichujio cha ndani ya sampu kilichoziba, au beringi zilizolika. Oili nzito itapandisha geji huku beringi ikiendelea kuliwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Hatua ya 3: Tambua chupa ni ya aina gani

Maneno ya mbele ya chupa ni ya biashara. Tafuta karatasi ya usalama ya bidhaa, ambayo watengenezaji wengi huiweka kwenye tovuti zao. Sehemu ya 3 ya karatasi hiyo inataja viambato vyenye madhara, na sehemu ya 9 inataja tabia zake kama mnato na nyuzijoto ambazo mvuke wake unaweza kushika moto. Kwa dakika tano utajua mengi kuliko muuzaji. Bidhaa isiyo na karatasi hiyo kabisa, iache.

*Za kukata moshi na kupunguza ulaji wa oili.* Hizi kwa kawaida ni mafuta mazito yaliyotiwa polima nzito, na kazi yake ni kuifanya oili iwe nzito zaidi. Kwenye injini kuukuu yenye mapengo makubwa zinapunguza moshi kwa sababu oili nzito inapenya polepole. Gharama yake inalipwa asubuhi. Kwenye oili iliyoandikwa 5W-30, ile 5W inaeleza jinsi oili inavyotiririka kwenye baridi, na 30 inaeleza uzito wake kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Ukiinenepesha unaharibu pande zote mbili: inachelewa kufika kwenye kemshafti unapowasha, na ikipata moto inabaki nzito kupita kipimo. Injini zenye mfumo wa kubadilisha taimingi ya valvu huendesha mfumo huo kwa shinikizo la oili inayopita kwenye vichujio vidogo mno. Oili ikiwa nzito, mfumo unachelewa kuitika, taa ya injini inawaka, na fundi anaanza kukubadilishia sensa zisizo na kosa.

*Zenye unga: Teflon, grafiti, molibdenamu disulfidi.* Ahadi ni kwamba unga utapaka chuma na kupunguza msuguano. Teflon hushika kwenye chuma kikikwaruzwa, kikasafishwa sawasawa na kuokwa kwenye joto kali. Ndani ya injini inayofanya kazi hakuna lolote kati ya hayo. Unga unaozunguka bila kushika mahali unaweza kutuama kwenye sampu, kubaki kwenye filta au kuziba njia nyembamba. Usichanganye unga huo na molibdenamu inayoyeyuka ndani ya oili. Hiyo hutiwa kiwandani kwenye oili nyingi nzuri na haina neno.

*Zenye klorini.* Hizi ndizo nisizozisamehe. Parafini yenye klorini inazuia chuma kukwaruzana kwenye mkandamizo mkubwa sana, na ina historia ndefu kwenye mafuta ya kukatia na kukunjia vyuma. Ndani ya injini kuna joto na kuna unyevu unaotokana na mafuta yanayoungua. Klorini, joto na maji vikikutana hutoa asidi ya haidrokloriki, na asidi hiyo hula beringi zenye shaba na kuleta kutu. Ukiona neno “chlorinated” kwenye karatasi ya usalama, rudisha chupa mahali ulipoitoa.

*Za kuziba uvujaji.* Zina kemikali inayofanya sili za mpira zivimbe na kulainika. Sili iliyokauka kidogo inaweza kuacha kuvuja. Shida ni kwamba kemikali haichagui. Inavimbisha na sili zote zilizokuwa nzima, na mpira ukizidi kulainika unapoteza umbo. Sili iliyochanika au iliyochimba mfereji kwenye shafti haitibiki kwa njia hii.

*Za kusafisha injini kabla ya kumwaga oili.* Ni viyeyusho, vingine vya jamii ya mafuta ya taa. Kwenye injini iliyotunzwa hazina la kusafisha. Kwenye injini iliyojaa tope ndipo hatari ilipo, kwa sababu tope halitoki kwa kuyeyuka lote. Linabanduka vipande vipande, vikashuka hadi kwenye kichujio cha pampu na kukiziba. Wakati huohuo oili imekuwa nyepesi kama maji na beringi hazina ulinzi wa kawaida. Injini yenye tope ni heri kuisafisha polepole: oili nzuri ya daraja sahihi, ibadilishwe pamoja na filta mapema kuliko kawaida, mara kadhaa mfululizo. Inachosha, lakini haizimi injini njiani.

*Za kuongeza zinki.* Hapa pana ukweli fulani. Injini za zamani ambazo tapeti zake ni bapa na zinasugua moja kwa moja kwenye kemshafti zilitegemea ZDDP nyingi. Oili za kisasa nyepesi za petroli zimepunguziwa, kwa sababu fosforasi inaua katalisti, kifaa cha ekzosi kinachosafisha moshi. Kiwango cha oili za petroli kiitwacho ILSAC GF-6, kwa mfano, kiliweka fosforasi kati ya asilimia 0.06 na 0.08. Lakini mwenye injini ya namna hiyo ni afadhali anunue oili iliyotengenezwa kwa ajili yake kuliko kukisia kwa kichupa, maana ZDDP ikizidi sana nayo hula chuma.

Hatua ya 4: Iangalie injini yako

Chupa ileile inaweza kupita salama kwenye pikapu ya zamani na ikaleta balaa kwenye gari jipya.

Pikipiki nyingi zina klachi inayooga kwenye oili ileile ya injini na gia. Klachi hiyo inahitaji msuguano. Nyongeza ya kupunguza msuguano inaifanya iteleze: injini inalia, mwendo hauongezeki, na sahani za klachi zinaungua. Oili ya pikipiki za namna hii huwa na alama ya JASO MA, MA1 au MA2. Hata oili ya gari yenye vipunguza msuguano inaweza kukuletea shida hiyo, sembuse kichupa.

Dizeli ya kisasa yenye chujio la masizi kwenye ekzosi inataka oili yenye majivu machache. ACEA C3, kwa mfano, haivuki asilimia 0.8 ya majivu. Masizi yanaungua chujio linapojisafisha, lakini majivu ya kalsiamu, zinki na madini mengine hayaungui. Yanabaki humo mpaka chujio lijae, na chujio jipya linaweza kukugharimu kuliko oili ya miaka mingi.

Injini ndogo za petroli zenye turbo na sindano zinazopuliza mafuta moja kwa moja kwenye silinda zina udhaifu wake: mchanganyiko unaweza kujiwasha kabla ya plagi, injini ikiwa kwenye mizunguko midogo na mzigo mkubwa. Mlipuko huo huvunja pistoni na ringi. Kalsiamu nyingi kwenye oili huongeza uwezekano wake, ndiyo maana oili za API SN Plus ya mwaka 2018 na API SP ya mwaka 2020 zilipimwa kwa jambo hilo. Kuongeza sabuni ya kalsiamu kwenye oili hiyo ni kubomoa kile ulichokilipia. Na turbo yenyewe, shafti yake inaweza kuvuka mizunguko 200,000 kwa dakika juu ya utando mwembamba wa oili. Unga na mabonge hayatakiwi hapo.

Halafu kuna injini ambazo mkanda wa taimingi unazunguka ndani ya oili, kama EcoBoost za awali za lita 1.0 za Ford na PureTech ya lita 1.2 ya Peugeot na Citroën. Mkanda huo ni wa mpira. Kiyeyusho au oili isiyo sahihi inaulainisha na kuumega, na vipande vinaishia kwenye kichujio cha pampu. Kwenye injini hizi usitie kitu chochote ambacho kitabu cha gari hakikitaji.

Hatua ya 5: Usitekwe na maonyesho

Umewahi kuona mashine ndogo yenye gurudumu linalozunguka na chuma kinachokandamizwa juu yake kwa mkono mrefu. Oili ya kawaida inapiga kelele na kukwama. Matone machache ya dawa yanatiwa, na ghafla mkono unabeba uzito wote. Watu wanapiga makofi. Mashine hiyo inapima mkandamizo uliopitiliza, ambao beringi za kranki hazikutani nao, kwa kuwa zikiwa kwenye mwendo zinaelea juu ya oili bila kugusana. Vimiminika vyenye klorini hufaulu sana kwenye mashine hiyo, na klorini tumeshaiona inafanya nini ndani ya injini.

Matangazo pia yamewahi kufikishwa mbele ya sheria. Mwaka 1996 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliwashtaki wauzaji wa Slick 50 kwa madai yasiyo na msingi kuhusu kupunguza kulika kwa injini, na mwaka 1997 wakakubaliana kuyaacha. Hoja ya tume ilikuwa rahisi: injini nyingi zinalindwa vya kutosha wakati wa kuwashwa zikitumia oili inayotajwa na kitabu cha gari.

Muuzaji akikwambia dawa yake imethibitishwa, muulize: imethibitishwa na nani, kwenye injini gani, ikiwa imechanganywa na oili ipi?

Hatua ya 6: Kama umeshamimina

Kwanza angalia kijiti. Kosa la kawaida ni kumimina chupa nzima juu ya oili iliyokuwa imejaa, na usomaji ukavuka alama ya juu. Kranki ikiifikia oili hiyo inaipiga mpaka inatoa povu, na pampu inavuta hewa. Punguza ifike kati ya alama mbili.

Kama chupa ilikuwa na klorini, kiyeyusho au unga, au pikipiki imeanza kuteleza klachi, usingoje zamu ya kumwaga oili. Pasha injini moto kiasi, izime, mwaga oili yote, badilisha filta, tia oili ya daraja na uzito wa kitabuni. Kiasi fulani cha oili ya zamani hubaki ndani, kwa hiyo oili hii mpya nayo imwage mapema kuliko kawaida. Unaweza kuipasua filta ya zamani na kukunjua karatasi yake. Ukiona chembe zinazometa za chuma, peleka gari kwa fundi kabla ya kuendelea kuliendesha. Ikiwa ulitia kiyeyusho cha kusafisha, fuata dakika zilizoandikwa, injini iwe sailensa tu, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, na usiendeshe gari kikiwa ndani isipokuwa maelekezo yanasema hivyo waziwazi.

Taa nyekundu ya oili ikiwaka barabarani, simama na zima injini hapohapo. Kujaribu kufika gereji inayofuata kumemaliza injini nyingi.

Chupa ikiwa ni ya kunenepesha tu na injini haina dalili mbaya, unaweza kungoja zamu ya kawaida ya kumwaga, huku ukipima kiasi kila wiki.

Hatua ya 7: Ukinunua gari lililotumika

Dawa za kunenepesha zina mteja mwingine ambaye hatajwi kwenye chupa, naye ni muuzaji wa gari bovu. Mwambie asiliwashe kabla hujafika, kisha weka kiganja juu ya injini uhakikishe ni baridi. Chomoa kijiti. Oili ya kawaida hudondoka upesi hata ikiwa baridi. Hii ikishuka kwa uzi mrefu unaonata, kuna kitu kimetiwa. Washa, uone taa ya oili inachukua muda gani kuzima na kama tapeti zinalia kabla ya kutulia. Endesha mpaka injini ipate moto kabisa, ikiwezekana nusu saa, halafu iache sailensa dakika tano na ukanyage mafuta kwa ghafla huku mwenzako akitazama ekzosi. Joto hulegeza hata oili iliyonenepeshwa, na moshi uliokuwa umefichwa huanza kuonekana hapo.

Ukiwa na shaka bado, omba oili ibadilishwe kwa ile ya kitabuni mbele yako, kwa gharama yako, kisha mpime mgandamizo. Muuzaji akikataa, tafuta gari lingine.